Asetilini: gesi isiyohitaji hewa ili ilipuke

Kwenye gereji yoyote yenye fundi bodi utakuta mitungi miwili imefungwa mnyororo kwenye toroli moja. Mmoja ni wa oksijeni: mrefu, mwembamba, umejazwa kwa presha ya bar 150 hadi 200. Wa pili ni wa asetilini: mfupi, mnene, na hata ukiwa umejaa geji yake husoma bar 17 au 18 tu. Sasa tazama geji ndogo ya mtungi huo wa pili, ile inayoonyesha presha inayokwenda kwenye mpira. Utaona sehemu yenye rangi nyekundu. Kwa vifaa vya Kimarekani nyekundu hiyo huanzia paundi 15, yaani bar 1 na kidogo. Kwa vifaa vingi vya Ulaya huanzia bar 1.5. Presha ya tairi la gari dogo ni kubwa kuliko hiyo.

Mafundi wengi wanajua kuwa mshale usiingie kwenye nyekundu. Wachache ndio walioelezwa sababu, na asiyejua sababu ndiye anayeongeza kidogo siku ambayo moto unaonekana dhaifu. Sababu ni moja, na ukishaielewa, karibu kila sharti la gesi hii linaeleweka bila kukariri.

Springi iliyobanwa

Molekuli ya asetilini ni ndogo: kaboni mbili na hidrojeni mbili. Kaboni hizo zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kushikana huko kumemeza nishati nyingi ambayo bado imo ndani, kama springi iliyobanwa ikafungwa kamba. Kamba ikikatika, molekuli inarudi kuwa kaboni tupu, yaani masizi, na hidrojeni. Nishati yote hutoka kwa mkupuo: kilojuli 227 kwa kila gramu 26 za gesi. Hapo hakuna oksijeni iliyohusika wala hewa. Gesi imejivunja yenyewe.

Presha ikiwa ndogo, molekuli ziko mbalimbali. Moja ikivunjika, joto lake hupotelea kwenye ukuta wa bomba kabla halijamfikia jirani. Ukiibana gesi kupita bar 1 hivi, majirani wanakaribiana, na joto la mmoja linatosha kumvunja mwenzake, naye wa pembeni yake. Kinachoweza kuanzisha mnyororo huo ni kitu kidogo: kipande cha bomba chenye moto, mshtuko wa vali iliyofunguliwa ghafla, chembe ya kutu iliyosugua chuma. Presha ndani ya chombo hupanda mara kumi hivi kwa kufumba na kufumbua. Mstari mwekundu unatenganisha gesi inayotulia na gesi inayoweza kujivunja ikiwa ndani ya mpira.

Ikichanganyika na hewa, mambo huwa mabaya kwa namna nyingine. Gesi ya kupikia huwaka ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 ya hewa. Ikizidi hapo inakosa hewa ya kuiwasha. Asetilini huanza kuwaka ikiwa asilimia 2.5, na huendelea kuweza kuwaka hadi kupita asilimia 80. Kwa maneno mengine, ikishavuja chumbani, kiasi ambacho si hatari karibu hakipo. Cheche inayoiwasha inahitaji nishati ndogo, chini ya moja ya kumi ya ile inayowasha gesi ya kupikia. Cheche ya sweta la nailoni inatosha, nayo huioni wala huisikii.

Tuweke hesabu karibu. Ndani ya gari dogo kuna hewa ya meta 3 za ujazo hivi, yaani lita 3,000. Asilimia 2.5 ya hiyo ni lita 75. Lita 75 za asetilini hazifiki gramu 100. Mtungi mdogo uliolazwa kwenye buti, vali ikiwa haikukazwa sawasawa, hutoa kiasi hicho wakati fundi anakunywa chai. Anayerudi na kubonyeza rimoti ya mlango ndiye anayewasha. Mtungi wa asetilini haupandi ndani ya gari lililofungwa, hata kwa safari ya mtaa wa pili. Unasafirishwa kwenye pikapu iliyo wazi, umesimama, umefungwa, regileta (kile kifaa chenye geji kinachopunguza presha ya mtungi) imetolewa na kofia ya vali imewekwa.

Bahati nzuri gesi ya viwandani inanuka. Harufu yake ni kama ya kitunguu saumu, na kinachonuka hivyo ni uchafu, hasa fosfini, uliotoka kwenye kabaidi, yaani lile jiwe ambalo likitiwa maji hutoa gesi hii. Ukisikia kitunguu saumu mahali pasipo na jiko, usiwashe swichi wala usiizime. Fungua milango, toka, kisha tafuta inapovuja. Na kwa kuwa asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa, hupanda kwenye dari. Matundu ya hewa ya stoo yake yawe juu. Gesi ya kupikia hutambaa sakafuni, kwa hiyo stoo iliyojengewa moja haimfai mwenzake.

Ndani ya mtungi hakuna uwazi

Kama gesi haitakiwi kubanwa kupita bar 1, mtungi wa bar 17 unawezekanaje? Swali hilo liliwatesa watu mwishoni mwa karne ya 19. Waliojaribu kuibana tupu, au kuigandamiza hadi ikawa kimiminika, walilipukiwa. Mwaka 1897 Wafaransa Georges Claude na Albert Hess walionyesha njia: wasiibane, waiyeyushe. Lita moja ya asetoni, kimiminika kilekile kinachofuta rangi ya kucha, huyeyusha lita 25 hivi za asetilini bila presha yoyote ya ziada, na ukifikisha presha mara 12 ya hewa huyeyusha takriban lita 300. Ikiwa imeyeyuka, molekuli zimetenganishwa na asetoni, haziwezi kuangushana.

Ilibaki kasoro moja. Juu ya kimiminika bado kuna nafasi, na katika nafasi hiyo gesi imebanwa. Dawa yake ni kuujaza mtungi wote kitu kigumu chenye vitundu vidogo sana, kama jiwe la povu, ambacho karibu asilimia 90 yake ni matundu. Asetoni hunywewa humo, na cheche ikitokea hufia ndani ya tundu lake. Msweden Gustaf Dalén aliboresha sana kijazo hicho kwa ajili ya taa za minara ya baharini, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa vidhibiti vyake vya gesi vya taa hizo. Mwaka huohuo alipoteza macho katika mlipuko alipokuwa akijaribu mitungi ya asetilini.

Kwa hiyo unapoushika mtungi wa asetilini umeshika jiwe lililolowa asetoni iliyolowa gesi. Hapo yanatoka mambo mengi ambayo fundi hufanya bila kujua kwa nini.

Mtungi husimama wima kwa sababu ukilala, asetoni hukaribia mdomo wa vali na gesi huivuta itoke nayo. Ukifika umelala, usimamishe na usiufungue kwa angalau nusu saa. Ukiwa umesafiri hivyo muda mrefu, uache saa kadhaa.

Gesi haitolewi kwa pupa. Asetilini hutoka kwenye asetoni polepole, kama soda inavyoachia gesi yake, na ukiivuta haraka inapanda na povu. Kanuni ya siku nyingi ni kwamba usivute zaidi ya moja ya saba ya ujazo wote kwa saa. Watengenezaji wengi sasa wanashauri moja ya kumi, na pungufu ya hapo kama kazi haikatiki. Mtungi wenye meta 7 za ujazo, kwa kanuni ya moja ya kumi, unakupa lita 700 kwa saa. Kuchomelea chuma huhitaji takriban lita 100 kwa saa kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo bodi ya gari ya milimita 1 ni mchezo mdogo. Lakini nozeli kubwa ya kupashia joto, ile yenye matundu mengi kama bafu la mvua, inakula lita elfu na zaidi. Kuifunga kwenye mtungi mmoja ni kuukamua. Dalili unaziona: moto unatema, unabadilika rangi kuwa wa zambarau, na presha inayumba. Hiyo ni asetoni inaungua. Inaharibu kiwambo cha regileta na mpira, na mtungi uliopungukiwa asetoni ukijazwa tena unabeba gesi isiyo na wa kuituliza. Kwa kazi kama hiyo mitungi miwili, mitatu huunganishwa kwa bomba moja lililotengenezwa kwa ajili hiyo.

Na geji haikwambii kilichobaki. Presha ya gesi iliyoyeyuka hufuata joto: asubuhi ya Iringa itasoma chini, mchana wa Dar es Salaam itasoma juu, mtungi ni uleule. Kiasi hujulikana kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu, pamoja na jiwe na asetoni yake, umegongwa kwenye chuma cha shingo. Toa uzito huo, kilichozidi ndiyo gesi, na kila kilo ni kama meta 0.9 za ujazo.

Shaba, na kipande cha bomba la friji

Asetilini ikikaa na shaba nyekundu, hasa penye unyevu, hutengeneza utando wa rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Utando huo ni mlipuko wenyewe: ukikauka, kusuguliwa au kugongwa kunatosha. Fedha na zebaki hufanya vilevile. Ndiyo maana vifaa vya asetilini hutengenezwa kwa chuma au kwa shaba njano ambayo shaba nyekundu ndani yake haizidi asilimia 70.

Kosa lenyewe huonekana hivi. Mpira mwekundu umepasuka katikati. Fundi anaukata, anatafuta kitu cha kuunganishia, na pembeni kuna kipande cha bomba la friji, la shaba nyekundu, chenye urefu wa inchi tatu na unene uleule wa mpira. Anakichomeka pande zote mbili, anafunga kwa waya wa kufungia nondo. Hakivuji na kazi inaendelea. Baada ya miezi, ndani ya kipande hicho kumeota utando. Siku atakayokizungusha kwa koleo ili akitoe, msuguano huo ndio kiberiti. Kiungio cha mpira wa asetilini kinauzwa, ni cha shaba njano, na klipu zake ni za kukaza kwa bisibisi. Mpira uliopasuka mahali pawili haufai kuungwa, ununuliwe mpya.

Wengine huuliza: mbona nozeli yenyewe ni ya shaba nyekundu? Ni kweli, kwa sababu shaba hutawanya joto vizuri. Lakini gesi haikai humo. Inapita ikiwa imeshachanganyika na oksijeni na kuwaka papo hapo. Hatari iko mahali gesi inapotulia.

Moto wenyewe na kazi zake

Asetilini na oksijeni hutoa moto wa nyuzi 3,100 za Selsiasi, mkali kuliko moto wa gesi nyingine yoyote ya kawaida ya karakana. Gesi ya kupikia na oksijeni hufika 2,800 hivi. Tofauti haiko kwenye namba pekee. Katika ile ncha nyeupe ya ndani asetilini huungua nusu tu, ikatoa kaboni monoksidi na hidrojeni, na joto kubwa likakusanyika pale pale. Gesi hizo mbili zinaendelea kunyang'anya oksijeni iliyo karibu, zikaifunika chuma iliyoyeyuka isipate kutu ya moto. Gesi ya kupikia haina ncha kama hiyo, kwa hiyo haiwezi kuchomelea chuma vizuri hata ukiongeza oksijeni.

Kwa kukata, hali ni nyingine. Kinachokata si moto: moto unaipasha chuma hadi nyuzi 900 hivi, kisha mkondo wa oksijeni safi unaichoma chuma yenyewe na kuupeperusha uchafu. Hapo gesi ya kupikia inatosha, japo inachelewa kupasha na inakula oksijeni nyingi zaidi, na nozeli na mpira wake ni vingine. Kwa wakata skrepa wenye chuma nene kutwa nzima, hesabu yake mara nyingi inalipa. Kwa mtu anayechomelea bodi, anayeunga mabomba ya friji na viyoyozi, au anayenyoosha chasisi kwa kuipasha na kuiacha ipoe, asetilini haijapata mrithi.

Kuna kazi ambazo wengi hawazioni. Maabara za kupima dhahabu, zikiwemo zinazohudumia migodi ya Kanda ya Ziwa, huyeyusha sampuli kisha hunyunyizia maji yake kwenye moto wa hewa na asetilini wa nyuzi 2,300 hivi. Mwanga unaonyonywa na atomu za dhahabu ndani ya moto huo ndio unaosema ipo kiasi gani. Hao hubadilisha mtungi ukiwa bado na bar 5 hadi 7, kwa sababu chini ya hapo asetoni huanza kupanda na kuharibu vipimo pamoja na mipira ya mashine. Masizi safi ya asetilini huwekwa ndani ya betri kwa kuwa hupitisha umeme. China bado hutengeneza plastiki ya PVC kwa wingi kutokana na asetilini ya kabaidi. Na kule Minamata, Japani, zebaki iliyowatia watu sumu, ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956, ilikuwa kichocheo katika kiwanda kilichogeuza asetilini kuwa asetaldehidi.

Kufunga, kuwasha, kuzima

Mtungi wa asetilini kwa desturi iliyotoka Uingereza hupakwa rangi ya damu ya mzee, na mpira wake ni mwekundu. Mpira wa oksijeni ni wa buluu, au wa kijani kwa vifaa vya Kimarekani. Nati za asetilini hukazwa kwa kuzungusha kushoto na zimekatwa mikato pembeni ili mkono uzitambue hata gizani. Nati ikikataa kuingia, usiilazimishe. Inakuambia umeshika upande usio wake.

Kabla ya kufunga regileta, fungua vali ya mtungi kidogo sana, nusu sekunde, itoe vumbi, uso wako ukiwa pembeni na pasipo moto karibu. Funga regileta kwa spana, si kwa koleo. Usiweke tepu nyeupe ya mafundi bomba wala grisi. Kwa upande wa oksijeni tone la oili ni hatari ya moto: oksijeni yenye presha kubwa ikiikuta oili inaiwasha bila kiberiti. Mikono yenye grisi ya gari ifutwe kwanza. Legeza skrubu ya regileta hadi iwe huru kabisa, simama pembeni ya geji, kisha fungua mtungi polepole. Asetilini: robo tatu ya mzunguko, isizidi mmoja na nusu, na ufunguo wake ubaki palepale kwenye vali ili yeyote aweze kuufunga mara moja. Oksijeni: hadi mwisho.

Kila upande uwe na kizuia moto kurudi kwenye regileta na vali ya njia moja kwenye tochi, yaani kile kishikio chenye vali na nozeli. Si vitu vya mapambo. Kizuia moto kina kichujio cha chuma chenye matundu madogo kinachouzima moto kwa kuupoza, na vingine vina kifuli kinachofunga gesi kikipata joto. Fundi akiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, anunue hiki.

Presha kwa kuchomelea bodi: asetilini bar 0.2 hadi 0.5, oksijeni karibu sawa au juu kidogo kulingana na tochi. Kwa kukata bamba la milimita 12: asetilini ileile, oksijeni bar 2 hadi 3. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio; povu likijaa, funga gesi ndipo ukaze. Kamwe usikaze kiungio chenye presha, na usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Sasa safisha mipira. Fungua asetilini kwenye tochi sekunde chache mahali penye hewa, funga. Fungua oksijeni sekunde chache, funga. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka ndiko kunakoua mipira. Usiku gesi moja huweza kupenya ikaingia kwenye mpira wa nyingine, na asubuhi mpira mzima ni mchanganyiko tayari unaosubiri cheche. Kisha fungua asetilini peke yake, washa kwa kiwashio cha cheche, usitumie njiti wala moto wa fundi jirani, ongeza hadi masizi yakome, ndipo ulete oksijeni hadi ncha ya ndani iwe nyeupe, yenye mpaka safi. Ukiona unyoya mweupe wenye kijani hafifu kuzunguka ncha, asetilini imezidi. Ncha ikiwa fupi, ya zambarau na inafoka, oksijeni imezidi, na chuma itaungua badala ya kuyeyuka.

Kuhusu kuzima mafundi hubishana. Wanaoanza kufunga asetilini wanasema moto unakufa mara moja bila masizi. Wanaoanza na oksijeni wanasema vali ya asetilini inayovuja hujionyesha kwa kijimoto kilichobaki. Wote wana hoja. Fuata kitabu cha tochi yako na usibadilishe kila siku. Lililo muhimu zaidi ni linalofuata: funga mitungi yote miwili, fungua tochi hadi geji zisome sifuri, legeza regileta, funga tochi. Mtungi ulioisha nao hufungwa, kwa sababu usiku ukipoa huvuta hewa ndani.

Moto ukirudi

Mlio mmoja wa "pa!" na tochi kuzimika husababishwa na nozeli kugusa kazi, kupata joto kupita kiasi, tundu kuziba, au presha kuwa ndogo kuliko nozeli inavyohitaji. Zima, ipoze, safisha tundu kwa waya wake maalumu, rekebisha presha. Ukijirudia, usiendelee kubahatisha.

Ukisikia mluzi au mlio wa kukwaruza ndani ya tochi na moshi mweusi unatoka, moto unawaka ndani. Funga oksijeni ya tochi kwanza, kisha asetilini, kisha mitungi. Oksijeni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayouweka moto huo hai ndani ya chuma. Halafu weka kiganja kwenye mtungi wa asetilini. Kama ni wa moto, fuata yaliyo kwenye sehemu ya mwisho. Kama ni baridi, kagua kizuia moto na mipira kabla ya kutumia tena. Mpira ambao moto umepita ndani hautumiki tena, hata kama nje unaonekana mzima.

Jenereta ya kabaidi

Mahali ambapo mtungi wa asetilini haufiki au bei yake inauma, mafundi hutengeneza gesi wenyewe kwa kabaidi na maji. Kabaidi nzuri hutoa lita 300 hivi kwa kilo, na baki lake ni chokaa. Tatizo ni joto: kilo moja hutoa megajuli 2 hivi. Ukiitumbukiza kwenye lita 10 za maji, maji hayo hupanda nyuzi kama 48, yanavumilika. Ukitumia lita 2, yanachemka. Na ukifanya kama jenereta nyingi za kienyeji, yaani kudondoshea maji kidogo juu ya rundo la kabaidi, hakuna maji ya kubeba joto hilo; mabonge yanawiva ndani ya gesi, na asetilini yenye hewa hujiwasha kwenye nyuzi 305 tu. Kwa hiyo kabaidi iende kwenye maji mengi, kidogo kidogo, na isiwe unga, maana unga hutoa gesi yake yote kwa mara moja.

Sehemu inayookoa maisha ni chungu cha maji kati ya jenereta na mpira: gesi hupita ikibubujika, moto ukirudi hukutana na maji. Kikiwa kimekauka, jenereta ni bomu. Hukaguliwa kila asubuhi na tena mchana. Presha nayo iachwe iamuliwe na kimo cha maji, kwani meta moja ya maji ni bar 0.1, kiasi kinachotosha kwa tochi ya presha ndogo. Anayefunga pipa kwa skrubu na kuweka vali ya baiskeli ameondoa kinga hiyo. Gesi ya kwanza baada ya kujaza ina hewa ndani. Iachwe itoke nje kabla ya kuwasha. Matope ya chokaa humwagwa shimoni mahali wazi, kwa sababu bado yana vipande vinavyotoa gesi.

Kabaidi ikishika moto isimwagiwe maji. Mchanga mkavu ndio dawa. Na haina kazi kwenye ndizi wala maembe: gesi yake huivisha kwa kuiga ethilini, lakini inakuja na mabaki ya fosforasi na aseniki. Kuvundika ndizi kwa moshi, kama ilivyofanywa miaka yote, kunatumia ethilini halisi iliyo ndani ya moshi.

Mtungi uliopata joto

Hapa asetilini inatofautiana na kila mtungi mwingine. Mtungi wa oksijeni uliookolewa kwenye moto na kupoa, umepoa. Wa asetilini unaweza kuwa umeanza kujivunja ndani ya lile jiwe, taratibu, bila moto wa nje, na ukalipuka saa nyingi baada ya watu kurudi kazini.

Moto mdogo ukiwaka kwenye vali au kiungio, na mtungi wenyewe haujapata joto, funga vali kwa glavu. Mara nyingi inatosha. Lakini mtungi ukiwa wa moto, rangi imebabuka, au ulikaa ndani ya jengo lililoungua, usiuguse, usiuviringishe kuutoa nje. Kuutikisa kunaweza kuharakisha kilichoanza. Ondoa watu, umbali wa meta 200 pasipo na ukuta wa kujikinga, ita zimamoto, Tanzania kwa namba 114, na uwaambie tangu mwanzo kuwa ni asetilini. Kinachofanywa ni kuumwagia maji mengi kutoka mbali, nyuma ya kinga, kwa saa nzima au zaidi, kisha kusubiri saa nyingine na kuutazama. Maji yakikatwa, sehemu iliyolowa ikikauka upesi au kutoa mvuke, bado kuna joto ndani, na maji hurudishwa. Vizibo vya usalama vinavyoyeyuka karibu nyuzi 100, kama mtungi wako unavyo, hutoa ndimi ndefu za moto. Usisimame upande vinakoelekea.

Stooni, asetilini na oksijeni hutenganishwa. Kanuni za Marekani hudai meta 6, au ukuta usioshika moto wa kimo cha meta 1.5.

Mtungi wa zamani usio na mwenyewe, ule uliosahauliwa nyuma ya gereji, haukatwi kuuzwa skrepa. Hata geji ikisoma sifuri, lile jiwe bado limelowa asetoni na gesi, na vijazo vya zamani vingi vina asbesto. Tochi itakayoukata itakuta vyote hivyo. Piga simu kwa kampuni ambayo jina lake limegongwa shingoni. Mitungi mingi ni ya kukodi, bado ni mali yao, na wao ndio wenye mashine ya kuutoa gesi na kulizika jiwe.